Picha Ghafi kwa Mfuko Mdogo

Kila anayenunua kamera ya Canon, Nikon, Sony au Fujifilm huwa ameshalipia, ndani ya bei ya kamera hiyo, programu ya kusafishia picha ghafi (RAW). Ya Canon inaitwa Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop, na Fujifilm wana X RAW Studio. Zote hupakuliwa bure kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe. Hata hivyo, mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam au Nairobi akishapata laptopu, cha kwanza anachotafuta ni Lightroom ya Adobe, na kwa kuwa Lightroom hulipiwa kwa dola na kwa usajili, wengi huishia kuwekewa nakala ya kreki na fundi wa kompyuta. Katikati ya njia hizo mbili, kumlipa Adobe au kumwibia, kuna programu nyingi zisizozungumzwa vya kutosha. Ninavyoona mimi, iliyo nafuu kweli ni ile inayomaliza kazi kwenye kompyuta uliyo nayo, kwa muda unaoweza kuumudu, bila kuziweka rehani picha zako za miaka ijayo. Bei ya kwenye tangazo ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Tuanze na kinachofanywa na programu hizi, kwa sababu hapo ndipo zinapotofautiana. Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kinapima wingi wa mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, alipata hataza ya mpango wa kufunika kila nukta ya kihisi kwa kichujio cha rangi moja: nusu ya nukta kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kamera nyingi za leo bado zinatumia mpango huo. Kwa hiyo kila nukta ya picha ghafi inajua rangi moja tu kati ya tatu, na mbili zilizobaki programu lazima izikokotoe kwa kuangalia nukta za jirani. Ukipiga JPEG, kamera yenyewe hufanya hesabu hiyo, huamua weupe uwe upi, kisha hutupa ziada. Faili ghafi ya biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila nukta, wakati JPEG hubaki na 256 kwa kila rangi. Ndiyo maana uso uliotoka mweusi sana kwenye JPEG ukivutwa juu huja na mabaka, ilhali kwenye faili ghafi unainuka vizuri. Na kwa kuwa kila programu ina njia yake ya kukokotoa, faili moja ikifunguliwa katika programu tatu hutoa picha tatu.

Nichukue picha moja ambayo kila mpiga picha wa kwetu anaijua. Ukumbini, usiku. Bi harusi amevaa gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi, na nyuso zao ni za rangi ya chokoleti. Nyuma yao kuna taa za LED za zambarau, juu kuna balbu za manjano. Mpiga picha amepima mwanga kwa nyuso, ambavyo ndivyo inavyopasa, na matokeo yake bega la gauni limeungua, limekuwa weupe mtupu usio na nyuzi wala ushanga, huku shavu moja la bi harusi likiwa limepakwa zambarau.

Ukiifungua picha hiyo katika Digital Photo Professional, inatokea kama ulivyoiona kwenye kioo cha kamera. Canon wanaijua siri ya rangi zao, na mtindo wa picha uliochagua kwenye kamera unafuata hadi kwenye kompyuta. Ngozi inakuja sawa bila kuhangaika, na kwa mtu anayeanza, hilo pekee linaokoa saa nyingi za kupapasa. Bega unaweza kulirudisha kidogo kwa kitelezi cha sehemu za mwanga mkali. Kinachokwamisha ni kasi, na uchache wa zana za kurekebisha sehemu moja ya picha bila kugusa nyingine. NX Studio ya Nikon, iliyotoka mwaka 2021, imejaliwa zaidi hapa: unaweka nukta juu ya shavu, unapanua duara lake, na unabadilisha mwanga na rangi ya eneo hilo tu. Programu za namna hii zinatosha kabisa kwa anayesafisha picha 20 au 50 kwa wiki, na ningependa kuona watu wengi zaidi wakianzia huko. Kupakua ile ya Canon unaweza kuulizwa namba ya kamera. Iko chini ya mwili wa kamera, hata kama umeinunua mkono wa pili.

RawTherapee ni hatua inayofuata. Ilianzishwa mwaka 2004 na Gábor Horváth wa Hungaria, na tangu 2010 ni programu huria, bure kwa mtu binafsi na kwa biashara. Uzuri wake mkubwa ni hesabu za rangi na mwanga. Lile bega la gauni, kwa mfano, mara nyingi halijaungua katika rangi zote tatu. Chini ya taa ya zambarau chaneli ya bluu ndiyo hujaa kwanza, huku kijani ikiwa bado imehifadhi mikunjo ya kitambaa. RawTherapee inaweza kutumia kilichobaki katika chaneli nzima kuijenga upya ile iliyojaa, na ushanga uliodhani umepotea ukarudi. Tena ina zana inayosoma JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili ghafi na kuufananisha mwanga wa picha na ule wa kamera, hivyo huanzi na picha iliyopooza. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Adobe hutoa bure programu ya DNG Converter, ya kugeuza faili ghafi kuwa za aina ya DNG, na ndani yake mna profaili za rangi za kamera nyingi ambazo RawTherapee inaweza kuzisoma. Ukizichanganya hizo mbili, unapata rangi za ngozi nzuri sana bila kutoa hata senti. Udhaifu wake uko kwenye kurekebisha mahali pamoja. Zana hiyo iliongezwa katika toleo la 5.9 la mwaka 2022, na matumizi yake si rahisi. Aliyezoea kupaka kwa brashi aangalie ART, toleo ndugu linaloendelezwa na Alberto Griggio, ambalo limepunguza msongamano wa vitufe na kuongeza maski za brashi.

Halafu kuna darktable, iliyoanzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009. Kwa muda mrefu ilikuwa ya watu wa Linux na Mac. Ilifika rasmi kwenye Windows mwishoni mwa 2017. Hii ndiyo inayokaribia zaidi upana wa Lightroom: ina meza ya kupanga picha, alama za nyota, maski za kuchora na maski za kuchagua kwa rangi au mwanga, na karibu kila zana inaweza kubanwa ndani ya maski. Shavu la zambarau unalichagua kwa rangi yake yenyewe, unalizungushia mstari ili ukuta wa nyuma usiguswe, kisha unaipunguza zambarau mpaka ngozi ifanane na shavu la pili. Kazi hiyo inahitaji ustadi, lakini inawezekana kabisa, na bure.

Watu wengi wanaoijaribu huikimbia siku ya kwanza, na sababu inaeleweka. Picha inafunguka ikiwa imefifia, kama imepigwa nyuma ya vumbi. Darktable haiigi sura ya kamera yako. Inakupa data na kukuachia uamuzi. Mtu aliyetoka kuona JPEG yenye rangi kali hudhani programu ni mbovu. Toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2024, lilikuja na mitindo ya kamera zaidi ya 500 inayosogeza mwanga wa picha karibu na JPEG ya kamera husika, na hiyo imepunguza sana mshtuko wa mwanzo. Bado utahitaji wiki kadhaa kuielewa. Zana zake ni nyingi mno, kadhaa zinafanya kazi inayofanana, na video za mafunzo za zamani hufundisha njia ambazo watengenezaji wenyewe wameziacha. Anayejifunza atafute mafunzo ya matoleo ya karibuni na ajifunge na zana chache tu kwa kuanzia.

Sasa Lightroom. Sina haja ya kuisema vibaya. Kwa kazi ya harusi ni programu nzuri sana. Tangu 2021 inaweza kumtambua mtu au anga kwa kubofya mara moja, mwaka uliofuata ikaanza kutenganisha uso na ngozi ya kila mtu, na Aprili 2023 ikaja zana ya kuondoa chenga inayoikoa picha iliyopigwa gizani kwa namna ambayo programu za bure hazijaifikia. Shavu letu la zambarau huko ni shughuli ya sekunde chache. Tatizo ni jinsi inavyouzwa. Lightroom ilipoingia sokoni mwaka 2007 uliinunua ikawa yako. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa hivyo, na baada ya mwisho wa 2017 haikupata tena masasisho. Kifurushi cha wapiga picha cha dola 9.99 kwa mwezi, ambacho wengi walikizoea, kilifungwa kwa wateja wapya Januari 2025. Kilichobaki kama mlango wa bei ya chini ni kifurushi cha Lightroom cha dola 11.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, sawa na dola 143.88 kwa mwaka. Kwa viwango vya fedha vya 2025 hizo ni takriban Sh. 18,500 za Kenya, au zaidi ya Sh. 350,000 za Tanzania. Bei hiyo inaweza kupanda bila wewe kuulizwa, na shilingi ikishuka, imepanda tena.

Je, ni ghali? Hapa lazima tupige hesabu ya muda. Tuseme harusi moja imekupa fremu 2,000, na mteja anakabidhiwa 600. Programu ya bure ikikuchelewesha sekunde 20 zaidi kwa kila picha, harusi hiyo imekula sekunde 12,000 za ziada, yaani saa 3 na dakika 20. Mwenye harusi 4 kwa mwezi anapoteza zaidi ya saa 13, takriban siku mbili za kazi. Kwake yeye dola 12 ni pesa ndogo, na kumwambia ahangaike na programu ya bure kwa sababu tu ni ya bure ni kumkosesha kazi nyingine. Lakini mwenye kazi moja kwa mwezi, au mwandishi wa habari anayesafisha picha 10 kwa siku, au mwanafunzi, hesabu yake inaelekea upande wa pili kabisa. Na zile sekunde 20 hazidumu milele. Ukiwa umesimama kona ileile ya ukumbi, mwanga uleule, unasafisha picha moja kwa makini katika darktable, unanakili marekebisho na kuyabandika kwenye picha 80 zilizobaki, kisha unapita ukigusa nyuso tu. Aliyeizoea kazi hii hupunguza pengo la muda zaidi kuliko anavyodhani anayeanza.

Kuhusu nakala za kreki nitasema wazi. Sielewi jinsi mtu anayekasirika picha yake ikitumiwa kwenye bango bila malipo anavyoweza kutulia akifanyia kazi programu ya wizi. Jasho ni jasho. Na hata ukiweka kando haki, ni ununuzi mbaya. Mara nyingi fundi huanza kwa kuzima ulinzi wa virusi ili programu ikubali kukaa, na kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye picha za wateja, barua pepe na nywila za benki. Tena nakala hizo zimeganda. Mwaka 2018 Canon walileta aina mpya ya faili ghafi, CR3, kupitia kamera ya EOS M50. Lightroom 6 haiwezi kuifungua na haitaweza. Aliyenunua Lightroom 6 kwa haki yake na bado inamfanyia kazi ana njia: azipitishe CR3 kwenye DNG Converter ya Adobe, achague toleo la zamani la DNG, na zitafunguka.

Kompyuta nayo ina neno lake, pengine kubwa kuliko la programu. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli ni zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani: prosesa nzuri, RAM ya GB 8, kadi ya grafiki iliyojengwa ndani. Juu ya mashine hiyo Lightroom inafunguka, ila ile zana ya kuondoa chenga inayotegemea kadi ya grafiki itakuweka ukisubiri dakika nyingi kwa picha moja. Darktable nayo inapenda kadi ya grafiki; bila hiyo inafanya kazi kwa kujikokota. RawTherapee haitumii kadi ya grafiki hata kidogo, inaegemea prosesa, hivyo kwenye laptopu ya ofisini haipungukiwi na kitu. X RAW Studio ya Fujifilm ina njia ya kipekee: unaiunganisha kamera kwa waya wa USB, na prosesa ya kamera ndiyo inayosafisha picha, kwa hiyo hata kompyuta dhaifu hutoa matokeo kwa haraka, na kwa rangi zilezile za filamu zinazowafanya watu wanunue Fujifilm. Gharama yake ni kwamba lazima kamera iwepo mezani.

Mahali mashine dhaifu inapokufa hasa ni kwenye kuchuja, kabla hata ya kusafisha. Faili ghafi moja ya megapikseli 24 ina takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo fremu 2,000 ni GB 50 hadi 60. Kuzipakia zote kwenye programu nzito ili uchague 600 ni kujitesa. Piga faili ghafi pamoja na JPEG ndogo, chuja kwa kutazama JPEG, kisha peleka kwenye usafishaji zile ulizochagua tu. Kamera za Canon zenye CR3 zina pia C-RAW, inayopunguza ukubwa wa faili kwa takriban asilimia 40, na kwa picha za ukumbini sioni sababu ya kutoitumia. Na kabla ya kununua programu yoyote, mwenye laptopu ya diski ya kuzunguka abadilishe aweke SSD. Pesa hiyo itamharakisha katika kila programu.

Kuna njia ya tatu, ya kununua mara moja. DxO PhotoLab inauzwa kwa zaidi ya dola 200, na kuondoa kwake chenga kunaweza kushindana na yeyote. Capture One ni takriban dola 300. Unalipa, inakuwa yako, ila matoleo mapya hulipiwa tena, na kamera mpya utakayonunua baada ya miaka mitatu huenda isitambuliwe na toleo lako. Ni chaguo la studio iliyotulia, isiyobadilisha kamera ovyo. Affinity, ya kampuni ya Serif ya Uingereza iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, imekuwa bure tangu Oktoba 2025 ukiwa na akaunti ya Canva. Inafungua faili ghafi, lakini haina meza ya kupanga mamia ya picha, hivyo nafasi yake ni ileile ya GIMP, programu huria ya kuhariri picha: kufuta chunusi, kuondoa waya nyuma ya kichwa, kutengeneza kadi ya mwaliko, baada ya picha kusafishwa kwingine. Kwenye simu, Snapseed ya Google inafungua DNG bila malipo, na simu nyingi za Android zenye hali ya kitaalamu hupiga DNG. Kwa picha moja ya kutuma leo hii, haina mpinzani.

Lililobaki ni hatima ya kazi yako baada ya kuhama. Darktable huandika marekebisho katika faili dogo la XMP kando ya picha, RawTherapee katika faili la PP3, NX Studio katika folda yake iitwayo NKSC_PARAM, na Digital Photo Professional huyaweka ndani ya faili ghafi lenyewe. Toleo la Lightroom liitwalo Lightroom Classic huyaweka kwenye katalogi yake, isipokuwa ukiiamuru iandike na XMP. Hakuna programu inayoelewa kikamilifu marekebisho ya nyingine. Darktable huokota machache ya Lightroom, kama ukataji na mwanga, basi. Usajili wa Lightroom Classic ukikatika, bado utaziona picha zako na kuzitoa, ila chumba cha kusafishia hufungwa. Kwa hiyo vyovyote utakavyochagua, kila kazi iliyokabidhiwa itolewe pia kama JPEG za ubora wa juu kabisa, na zile chache za maana zaidi kama TIFF za biti 16, zikae pamoja na faili ghafi na mafaili yake madogo kwenye diski mbili tofauti. Anayehamisha picha zake bila folda ya NKSC_PARAM au bila XMP atagundua kwamba amehamisha picha na kuiacha kazi.

Ukitaka kuamua, chukua picha moja ngumu kutoka kwenye kazi zako mwenyewe, mfano wa yule bi harusi mwenye shavu la zambarau, uisafishe katika programu ya mtengenezaji wa kamera yako, kisha RawTherapee au ART, kisha darktable. Chapisha matokeo kwa ukubwa ambao wateja wako huagiza, kwa sababu tofauti nyingi zinazoonekana kwenye kioo hupotea kwenye karatasi. Ikiwa moja kati ya hizo imekutosheleza, bakia nayo mpaka idadi ya kazi ikulazimishe kuhesabu upya saa zako. Ikiwa hakuna iliyokutosheleza, jaribu ya kulipia, lakini ngoja wiki ambayo una harusi nzima ya kusafisha ndipo uanze kipindi cha majaribio: Lightroom inatoa siku 7, na zinahesabiwa tangu unapobofya.